Kamba ya Ngamia wa Kitovu

Mke mwenzangu alikufa masika yaliyopita, huko malishoni, wakati barabara zilikuwa zimejaa maji na gari haliwezi kupita. Alipata homa, akalala, hakuamka. Mimi nilikuwa hapa Garissa, nimekaa sokoni chini ya mwavuli, nauza maziwa yaliyochachuka, ya mwisho aliyonitumia kabla barabara haijafungwa. Habari ilinifikia kwa simu nikiwa nimeshika kikombe cha mteja. Nakumbuka nilikijaza kwanza kile kikombe, nikampa mwenyewe, ndipo nikakaa chini na kulia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika. Kisomali nakisema tu. Shule niliacha darasa la sita, na Kiswahili kilichobaki nimekipata kwa wateja wangu, walimu na askari na madereva, watu waliokuja kwetu kutoka kila upande.

Mimi na yeye tulikuwa wake wawili wa mume mmoja. Mwanzo hatukupendana. Sitasema uongo, miaka ya kwanza nilikuwa nikisikia jina lake napata kiungulia. Lakini ngamia walitulazimisha. Yeye alikaa nao porini, akakamua, akafukiza vyombo kwa makaa ya mti mchungu ili maziwa yasiharibike, akayatuma mjini kwa gari la alfajiri. Mimi nikapokea, nikauza, nikarudisha jerikeni tupu pamoja na sukari na majani ya chai. Gari hubeba jerikeni za watu wengi, zote za njano, zote zimetoka kwenye mafuta ya kupikia, kwa hiyo kila mji, yaani kila familia, hufunga kitambaa chake kwenye mkono wa jerikeni. Chetu kilikuwa chekundu. Alilipasua gauni lake la nyumbani, akafunga vipande vyake kwenye jerikeni zote.

Jioni alikuwa akipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, ananipigia.

"Abaayo, dada yangu, umelala mjini penye feni," ananiambia, "mimi huku nafukuzana na fisi."

"Na mimi nafukuzana na askari wa kaunti," namjibu. "Tubadilishane?"

"Hapana. Fisi ana aibu kidogo."

Kisha anacheka, halafu sauti inashuka. "Mtoto amekula? Anasoma?"

Mtoto ni binti yake, wa pekee. Alikuwa amemleta kwangu, mtaa wa Waberi, aingie shule, kwa sababu wanangu mimi wamekuwa wakubwa na wameondoka, na nyumba yangu ilikuwa na nafasi. Binti ananiita eddo, kama tunavyomwita shangazi au mke wa baba. Mama yake alipokufa alikuwa gredi ya tano. Hakulia mbele yangu. Alikunja sare yake, akaiweka chini ya mto, akalala na uso ukutani. Asubuhi akaamka akaenda shule kama kawaida, nami nikamwacha aende, kwa sababu sikujua neno la kumwambia.

Katika ngamia wetu alikuwamo mmoja wa rangi ya kahawia, mpole, mwenye maziwa mengi. Huyo hakuwa wa mume wetu. Kwetu mtoto akizaliwa, siku ile kitovu chake kinapofungwa, mtu anayempenda anaweza kumpa mnyama. Mnyama huyo ni wake, na watakaozaliwa na mnyama huyo ni wake, hata wafike mia. Mara nyingi anayepewa ni mtoto wa kiume. Lakini babake mke mwenzangu alikuwa amepata wavulana watupu, na binti alipokuja alifurahi mpaka akamtolea ndama jike wa ngamia. Yule wa kahawia alikuwa mjukuu wa ndama huyo. Mke mwenzangu alikuja naye alipoolewa, na alama ya moto ya watu wa kwao iko shingoni. Aliniambia habari hizi yeye mwenyewe, akacheka, akasema, "Nyinyi wote mnamfuata mume, mimi nimemfuata ngamia wangu."

Nilijua, basi. Hilo ndilo nataka lieleweke kabla sijaendelea.

Baada ya mvua jua lilirudi kwa nguvu, na mume wangu ndiye aliyebaki na ngamia malishoni. Maziwa yanayofika asubuhi yalikuwa yanachachuka kabla ya adhuhuri, na wateja wangu wengi wanataka mabichi. Wanawake wawili wa upande wa pili wa soko walikuwa wamepata friza, na nikaona watu wangu wanavuka kwenda kwao, wengine wakinisalimu kwa aibu, wengine hawanisalimu. Nikamwambia mume wangu nataka friza, hata iliyotumika. Akasema, "Nitatafuta njia." Baada ya siku chache alikuja kutoka malishoni, akanywa chai, akasema ameiona njia. "Siku ya mnada nitamleta yule wa kahawia. Ananyonyesha, amenenepa, atapata bei."

Nilikuwa nimeshika birika. Nilingoja aseme kitu kingine, kwa mfano kwamba ameongea na shemeji zake, au kwamba mali ya marehemu imeshagawanywa. Hakusema. Naye nadhani alikuwa akinitazama aone nitasema nini. Ningeweza kusema neno moja tu, hata kwa upole. Badala yake nikasema, "Mungu atie baraka," nikammiminia kikombe cha pili.

Siku iliyofuata binti alirudi shule, akavua viatu, akatandika mkeka barazani akatoa madaftari. Mimi nilikuwa nasugua vikombe.

"Eddo, wewe uliwahi kusoma Kiingereza?"

"Nilisoma. Mpaka darasa la sita."

"La sita la zamani au la sasa?"

"La zamani. Lilikuwa na viboko zaidi."

Akacheka. Akaniambia wanafundishwa namna ya kusema kitu ni cha nani. Akanionyesha alama ndogo, inayoning'inia juu ya mstari kama kipande cha kucha iliyokatwa, na herufi S baada yake. Niliikumbuka. Mwalimu wangu wa zamani aliichora ubaoni kwa chaki na mimi sikuielewa, kwa sababu kwa Kiswahili tunataja mali kwanza kisha mwenyewe anafuata, ngamia wa baba, nyumba ya mama, na Waingereza wamegeuza, mwenyewe yuko mbele na mali iko nyuma. Nikamwambia hilo ndilo lililonishinda.

"Ni rahisi, eddo," akasema. "Fikiria mtu anavuta ngamia. Mtu yuko mbele, ngamia yuko nyuma. Hii alama ni kamba."

Sikuwahi kuelezwa vizuri hivyo. Nikaacha vikombe, nikakaa karibu naye.

Akanieleza na ile sehemu ngumu. Wenyewe wakiwa wengi, alama inahamia nyuma ya S. Alisema wiki iliyopita, mwalimu alipoanza somo hili, alitunga sentensi kuhusu nyumba ya mama zake, akaweka alama nyuma. Mwalimu, kijana kutoka magharibi ambaye bado anashangazwa na joto letu, alimuuliza kama ana mama wangapi. Akajibu, wawili. Darasa likacheka.

"Kwa nini walicheka? Nusu yao wana wawili."

"Walicheka kwa sababu mwalimu alishangaa." Akachora ile alama pembeni ya ukurasa, akaitazama. "Halafu nikakumbuka kwamba sasa ni mmoja. Nikairudisha mbele."

Alisema hivyo akiendelea kuchora, bila kunitazama. Mama mmoja aliyebaki, kwa hesabu yake, nilikuwa mimi. Nikainuka nikajifanya kutazama jiko.

Niliporudi alikuwa ameandika sentensi za kazi ya nyumbani. Kalamu ya mwalimu, kiatu cha rafiki yake, na ya tatu, kwa mwandiko mkubwa kuliko zile nyingine: "My mother's camel is brown." Kiingereza hicho nilikielewa bila msaada. Ngamia wa mama yangu ni wa kahawia.

Mnada ulikuwa kesho kutwa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Hiyo ya tatu ibadilishe."

"Kwa nini? Nimekosea?"

"Hujakosea. Andika ngamia wa baba yako. Ni sawasawa tu, somo ni lile lile."

"Lakini si wa aabo."

"Mama yako amefariki, mwanangu. Mwalimu atakuuliza maswali, utalia darasani. Andika wa baba."

Alinitazama kwa muda. Ana macho ya mama yake, yanayokaa juu yako bila kupepesa, kama anayepima maziwa kwenye mwanga. Kisha akachukua kifutio, akafuta neno lile la mama, polepole, na vumbi la kifutio likadondoka mkekani. Akaandika neno la baba juu yake.

"Eddo," akasema akiwa ameinamisha kichwa, "mtu aliyekuwa mbele akifa, kamba anaishika nani?"

Nilimwambia aende akaoge, maji yamepata moto.

Siku ya mnada mimi huenda kule soko la mifugo na jerikeni mbili na vikombe, kwa sababu watu wa mifugo wakishachoka na vumbi hununua maziwa bila kubishana bei. Siku ile pia nilienda. Nilijiambia naenda kuuza tu. Nilikaa mbali na safu ya ngamia, lakini ngamia ni mrefu, hata ukikaa mbali unamwona. Nilimwona yule wa kahawia, na kando yake mume wangu amejifunga shali kichwani. Baadaye mtu akaniita kwa ajili ya maziwa, na mtu huyo alikuwa amesimama pale pale karibu nao. Nikaenda.

Mnunuzi alitoka bara, mwanamume mnene mwenye kopo la rangi ya buluu mkononi, ambayo huwapaka wanyama aliokwisha kuwanunua wasichanganyike na wa wengine. Dalali alikuwa mzee ninayemfahamu kwa sura. Kwetu bei haitajwi kwa sauti. Dalali anaweka shali juu ya mkono wake na mkono wa mnunuzi, na chini ya shali wanashikana vidole, kila kidole na thamani yake, watu wanaotazama wasijue.

"Ngamia safi, babaa," dalali alikuwa akimwambia yule wa bara kwa Kiswahili chetu. "Maziwa mingi, haina ugonjwa, haina maneno. Bole bole, usikimbie."

"Sikimbii, mzee. Ni wewe umenibana kidole."

Watu wakacheka. Vidole vikaendelea chini ya shali, kisha vikatulia, na nikajua wamekubaliana. Mnunuzi akafungua kopo la rangi kwa mkono mwingine. Lakini dalali hatoi mkono chini ya shali kabla hajauliza, kwa sababu yeye ndiye mdhamini. Mnyama akitokea kuwa na mwenyewe mwingine, ni yeye anayefuatwa. Akainua kichwa, akauliza kwa Kisomali, kwa sauti ya kusikika, "Nani ana neno juu ya mnyama huyu?"

"Hakuna neno," akasema mmoja, kama watu wanavyojibu siku zote.

Mume wangu hakusema kitu. Mimi pia nilinyamaza. Nilikuwa na kikombe na jerikeni, nikawa natazama maziwa yanavyoshuka. Nilinyamaza kabisa, na mnada ungeishia hapo, na leo ningekuwa na friza.

Lakini dalali akaona kitambaa chekundu kwenye jerikeni yangu, na kitambaa chekundu kimefungwa pia kwenye kibuyu kilichoning'inia pale kwenye mzigo wa mume wangu. Akanielekea.

"Na wewe, mama maziwa? Ninyi ni mji mmoja. Huyu unamjua. Wa nani?"

Aliniuliza mimi, usoni. Nikashindwa kusema uongo. Nikasema, "Ni ngamia wa kitovu. Wa marehemu mke mwenzangu. Ameacha mtoto, na mali haijagawanywa."

Dalali akauchomoa mkono wake chini ya shali kama aliyeungua.

"Astaghfirullah! Mali ya yatima! Mzee, unataka kunipeleka motoni na ndevu hizi nyeupe?"

Mnunuzi aliuliza kuna nini, akaelezwa. Akarudisha kifuniko cha kopo lake na kukipiga kwa ngumi. "Mimi nimekuja kununua ngamia," akasema, "kesi ninazo nyumbani." Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wakimcheka mume wangu. Yeye alifungua kamba, akageuka, akaondoka na ngamia wake nyuma, hakunitazama.

Alikuja nyumbani alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, na makelele ningeyaweza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavua kofia, akaitazama ndani kama aliyedondosha kitu humo.

"Nilikosea," akasema. "Nilijiambia nami nina fungu langu katika mali yake, na ni kweli ninalo. Lakini si mnyama mzima. Nilijua."

Nikamletea maji ya kunywa.

"Ila wewe pia ulijua. Nilikuambia hapa hapa, ukiwa umeshika birika. Ungeniambia neno nyumbani, ningekusikia. Nilingoja uniambie. Ukasema Mungu atie baraka. Halafu ukaenda kuniambia mbele ya soko zima."

Majirani waliosikia habari ya mnada walinisifu, wakasema nimetetea yatima, Mwenyezi Mungu atanilipa. Kila wakinisifu natazama chini. Wao hawajui kwamba dalali aliuliza mara ya kwanza na mimi nikanyamaza. Hawajui kwamba friza niliitaka mimi, na kwamba ngamia aliletwa mnadani kwa sababu mimi niliomba. Nilisema kweli kama mtu anavyotapika, si kwa hiari.

Jioni ile nilimkalisha binti. Nikamweleza habari ya kitovu, ya babu yake aliyefurahi kupata binti, ya alama ya moto shingoni, nikamweleza pia habari ya mnada, yote. Alisikiliza huku anasuka ncha za mkeka.

"Najua kwamba ni wa mama," akasema. "Mama aliniambia zamani. Alisema baadaye atakuwa wangu."

"Ulijua? Basi kwa nini ulifuta?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho mwulizaji ndiye anakijua.

"Wewe ndiye uliniambia nifute, eddo."

Mume wangu alimwita mjomba wa mtoto na sheikh, wakakaa, wakagawanya kwa sheria. Yule wa kahawia na ndama wake wakawekwa upande wa mtoto. Ilikubaliwa niuze maziwa yake kama zamani, na yanayopatikana yawe ya shule yake. Friza sijapata. Yakichachuka nayauza yamechachuka, na walioyapenda mabichi wamevuka. Mume wangu anakuja, anakula, anaongea nami vizuri, lakini mambo ya mifugo sasa hanielezi. Ananieleza yakishapita. Wakati mwingine jioni, saa ile ya kichuguu, nachukua simu nataka kumwambia mke mwenzangu kwamba fisi wake walikuwa afadhali, halafu naiweka chini.

Mwezi uliopita vile vitambaa vyekundu vilikuwa vimechakaa kwa jua na moshi, vingine vimekatika, na dereva wa gari la maziwa akalalamika kwamba hajui tena jerikeni zetu ni zipi. Kipande kilichobaki cha lile gauni kilikuwa kwenye mfuko wa nguo za marehemu ambao mtoto aliomba nisiutoe sadaka wote. Nilimwomba. Akaleta, akakikunjua mkekani. Bado kilikuwa na harufu ya ule moshi wa mti mchungu. Nilishika mkasi nikashindwa kukata, akauchukua yeye.

Alikata kipande kimoja, kirefu. Akakifunga kwenye jerikeni moja, akakaza fundo kwa meno kama mama yake. Nilimsogezea jerikeni nyingine. Hakuichukua. Alikunja kile kitambaa kilichobaki, akakirudisha mfukoni.

"Hii ya ngamia wangu," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anapanga vitu tu. "Hizo nyingine ni za aabo na wewe. Tafuta kitambaa chako, eddo."

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku langu, nikaanza kutafuta.